Vidonge Nilivyomeza Nikinyonyesha

Mama yangu alikufa kwa presha kabla hajafika miaka hamsini na tano. Alianguka jikoni asubuhi, sufuria ya chai ikiwa bado motoni. Tulipojaribu kumwinua alitushinda kwa uzito, ikabidi dada yangu akimbie kuita majirani. Nilikuwa darasa la saba. Uso wake wa siku hiyo ulinitoka akilini baada ya muda, lakini uzito ule wa bega lake mikononi mwangu haujanitoka mpaka leo.

Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba niliwahi kumeza vidonge vya kukonda, hudhani yalikuwa mambo ya urembo tu. Urembo ulikuwepo, sikatai. Ila chini yake kulikuwa na woga, na woga ndio ulionipeleka dukani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilifundisha shule ya msingi karibu na Kapsoit, na mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Tulikaa kwenye shamba la wazazi wake, chai upande wa juu na ng'ombe upande wa chini. Mama mkwe wangu ndiye aliyebaki na watoto nikienda kazini. Mtoto wetu wa tatu, msichana, alikuwa na miezi saba. Nilimnyonyesha alfajiri, nikarudi saa ya chakula cha mchana kumnyonyesha tena, kisha jioni.

Baada ya uzazi huo mwili wangu haukurudi. Kwetu hiyo si aibu. Mama mkwe alijivunia unene wangu, maana wanawake kanisani walimsifu kwamba anajua kutunza mke wa mwanawe. Kila asubuhi aliniwekea mezani mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni, na kusimama hapo mpaka nimalize. Nilikunywa, nikashukuru, nikaenda chumbani nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Aliyenitazama kutoka mle ndani alikuwa mama yangu.

Mwaka huo dada yangu mdogo alikuwa anaolewa Bomet, na mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake wa kumsindikiza. Kitambaa chetu kilikuwa kimeshakatwa sare kwa wote. Fundi wa nguo alipozungusha utepe kiunoni mwangu, aliurudia mara mbili, kisha akaniambia bila kuinua macho kwamba hakitatosha.

Nilimsimulia mwenzangu aliyefundisha darasa la pili, mama mmoja kutoka Kisii ambaye tulikuwa tukila pamoja. Nilidhani tutacheka, yakaisha. Badala yake alifungua mkoba wake akanionyesha bahasha ndogo ya kaki. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi ya manjano. Ndipo nikaelewa kwa nini kola za blauzi zake zilikuwa zimelegea tangu muhula uliopita. Alisema vinaondoa njaa, basi. Huhitaji daktari wala barua ya mtu. Unaingia duka la dawa pale Kericho mjini, unataja unachotaka, unahesabiwa.

Nilienda Jumamosi. Kijana wa dukani alivimimina kutoka kwenye mkebe mkubwa, akavihesabu kwa kisu kisicho na makali, akaandika juu ya bahasha kimoja asubuhi na kimoja mchana. Hakuniuliza kitu. Mimi nami sikuuliza, ingawa nilikuwa nimevaa leso begani na kifua changu kilikuwa kimejaa maziwa yaliyoanza kulowanisha blauzi.

Sikuvipeleka nyumbani. Niliviweka shuleni, ndani ya kasha la chaki kwenye droo niliyokuwa nikiifunga kwa ufunguo, na kila asubuhi kabla ya kengele nilimeza kimoja kwa maji ya chupa.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa tamu, na lazima niseme hivyo. Njaa iliondoka. Nilisahihisha vitabu vya darasa zima bila kuinua kichwa. Nilipanda ule mlima wa kwenda nyumbani nikiwa mwepesi, nikapika, nikafua, na usingizi haukuniita. Zipu ya sketi yangu ya kijivu, iliyokuwa imekataa tangu nijifungue, ilipanda. Mume wangu aliniambia nimechangamka. Nilijisikia mtu aliyeponyoka kitu kilichokuwa kinamfuata.

Kisha mdomo ukaanza kukauka, hata ulimi ukanata nikisoma imla. Mkono ukaanza kutetemeka ubaoni, nikawa naandika herufi kubwa kubwa ili watoto wasione. Usingizi ambao haukuniita sasa ulinikataa kabisa. Jioni moja nikipanda kati ya mashamba ya chai, moyo ulianza kupiga kwa namna ambayo sikuijua. Ulikimbia, ukajikwaa, ukakimbia tena. Nilikaa chini kando ya njia, mgongo kwenye vichaka vya chai, nikaweka kiganja kifuani. Mchumaji mmoja aliyekuwa akirudi na kikapu kitupu alisimama akaniuliza kama nina mimba. Nilisema hapana, ni jua. Hakukuwa na jua. Mvua ya alasiri ilikuwa ndiyo kwanza imekatika.

Kesho yake, darasa likiwa linafanya hesabu, nilichukua daftari nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja niliandika faida, upande wa pili madhara, kama ninavyowafundisha watoto wakiandika insha ya mjadala. Kwenye faida niliandika sketi, nguvu, na harusi. Halafu nikaandika presha, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa faida kubwa kuliko zote: nikipungua sitakufa kama mama. Kwenye madhara niliandika mdomo, usingizi, mkono, moyo. Nilitazama ukurasa ule kwa muda mrefu. Niliona madhara yote ni yangu mwenyewe, na mtu akiamua kuvumilia mwili wake, nani wa kumkataza? Nikachana karatasi, nikameza cha mchana.

Upande ule wa madhara nilikuwa nimemsahau mtu.

Mtoto alikuwa ameanza kulia. Si kilio cha njaa, wala cha tumbo. Alilia akiwa amekakamaa, ngumi zimefungwa, na akinyamaza macho yake yalibaki wazi yakirukaruka. Mchana hakulala. Mama mkwe alimbeba mgongoni mpaka akachoka, akanieleza kwa Kipsigis kwamba katika watoto tisa aliowazaa hajamwona mtoto anayekataa usingizi namna hii. Alishuku jicho la mtu. Mimi nilisema ni meno. Kisha nikagundua kwamba akinyonya anavuta, anaachia, anavuta tena kwa hasira, kwa sababu maziwa yenyewe yalikuwa yamepungua. Mtu asiyekula, maziwa atayatoa wapi? Nilijua hivyo. Nilikuwa mwalimu wa sayansi. Nilijua, na bado asubuhi nilifungua droo.

Siku ya kliniki nilimpeleka mwenyewe kwenye zahanati. Sista pale alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akituhudumia tangu mtoto wangu wa kwanza. Alimtundika mtoto kwenye mizani, akasoma, akamtundika tena. Akachukua kadi, akaweka nukta ya mwezi huo, akaiunganisha na ya mwezi uliopita. Mstari uliokuwa ukipanda tangu azaliwe ulishuka.

Aliniuliza kama ameharisha, nikasema hapana. Kama amekuwa na homa, hapana. Alimtoboa kidole akapeleka damu kuangaliwa malaria, na haikuonekana. Kisha aliweka chombo cha kusikilizia kifuani mwa mtoto, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili.

"Moyo wa huyu mtoto unaenda mbio sana," alisema. "Mwalimu, wewe unatumia dawa yoyote?"

"Hapana, sista."

Lilinitoka haraka, kama jibu la mtoto aliyeshikwa. Alinitazama kidogo, akaandika. Alisema hawezi kumwacha hivyo, niende naye hospitali Kericho wamwangalie moyo, pengine wamlaze. Alinikunjia barua, akanishika bega, akaniambia nisiogope.

Nilitoka na mtoto mgongoni na barua mkononi. Nilifika kwenye lango nikashindwa kuendelea. Niliwaza watakavyomchoma sindano kutafuta ugonjwa ambao mimi nilikuwa nimeufungia kwenye droo. Niliwaza watakavyomwekea dawa nyingine juu ya ile iliyomo tayari, bila kujua imo. Mapigo yake niliyasikia kwenye uti wa mgongo wangu, madogo, ya haraka haraka. Na yangu yalikuwa yanayajibu kwa mwendo uleule. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Hofu zote za nyuma, ya presha, ya kifo cha mama, zilikuwa hofu za mtu mzima anayejihurumia. Hii ilikuwa kwa ajili yake.

Nilirudi. Kulikuwa na foleni ya akina mama, nikawapita wote na hakuna aliyenikataza. Nadhani uso wangu ulitosha.

"Sista, nimekudanganya," nilisema. "Nameza vidonge vya kukonda. Mara mbili kwa siku."

Alifunga mlango kwanza. Kisha akaniuliza tangu lini, na kama nimemeza leo, na mtoto amenyonya saa ngapi. Nilijibu yote. Aliniuliza jina la dawa. Sikulijua. Nilikuwa nimemeza kitu kwa zaidi ya mwezi mmoja, na kumpa mwanangu, na sikujua kinaitwaje.

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinifunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia presha, akapuliza, akasoma, akanionyesha. Presha yangu ilikuwa imepanda kuliko ya siku niliyojifungua. Alisema vidonge vingi vya namna hiyo huuchapa moyo ukimbie, ndiyo maana njaa na usingizi huondoka. Vingine hupita kwenye maziwa. Mtu mzima mwenye afya anaweza kupimwa, akasimamiwa na daktari, akaamua na daktari wake. Mimi sikuwa nimepimwa na mtu, na maziwa yangu alikuwa akinywa mtu mwingine.

"Je, atakufa?" nilimuuliza.

"Sijui kilichomo, mwalimu. Siwezi kukudanganya. Peleka barua hii nyingine, nimeandika ukweli."

Sentensi hiyo niliibeba mpaka Kericho. Hospitalini daktari aliisoma, akanitazama mimi, akamtazama mtoto. Walimlaza siku mbili, mpaka mapigo yake yalipotulia. Aliamuru nisimnyonyeshe kwanza, niyakamue maziwa na kuyamwaga, na mtoto apewe ya ng'ombe kwa kikombe. Niliyakamua kwenye sinki huku yeye akilia kitandani akinyoosha mikono, maana harufu yangu aliijua.

Mume wangu alikuja kutoka zamu na ovaroli yake yenye grisi. Nilimweleza pale kwenye benchi la veranda, nikitazama viatu vyake. Aliniuliza kama ni yeye aliyewahi kusema neno kuhusu mwili wangu. Nilimwambia hapana, ni mama yangu. Hakuelewa, ikabidi nimweleze habari za mama, za bega lile zito, mambo ambayo katika miaka minane ya ndoa sikuwa nimemwambia. Mama mkwe hatukumwambia kamwe. Alikufa akiamini lilikuwa jicho.

Nilipompelekea yule mwenzangu wa darasa la pili habari shuleni, alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alisema pole, kwa dhati. Ila yeye hanyonyeshi, akasema, na sukari yake imeshuka tangu apungue, na magoti hayamuumi tena. Nilimuuliza kuhusu moyo. Alisema unakimbia, ndiyo, lakini ameuzoea. Mizani yake ilikuwa na mawe mengine. Nilimsihi tu aende apimwe, akaahidi, na sijui kama alienda. Vidonge nilivyobaki navyo nilivitupa ndani ya choo cha shimo cha walimu.

Kwenye harusi ya dada ile sare haikunitosha; nilivaa nguo yangu ya kanisani na kukaa na wageni. Presha yangu ilishuka baada ya miezi michache. Ilirudi nilipofika miaka arobaini, na sasa nameza vidonge vyake, vyenye jina ninalolijua, kwa kipimo nilichoandikiwa.

Lakini ninayoyakumbuka zaidi ni ya Jumapili tuliyorudi nyumbani. Ilikuwa mchana, wengine wote wameenda ibada. Nilimlaza mtoto kitandani, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi alilala mwenyewe, ngumi zimefunguka. Saa moja ikapita, kisha ya pili. Mama mwingine angefurahi. Mimi nilipiga magoti kando ya kitanda nikaweka kidole chini ya pua yake, nikasubiri pumzi. Ikaja. Nikasubiri nyingine. Nilikuwa bado hapo waliporudi kutoka kanisani, na mama mkwe aliponiona nimepiga magoti alidhani nasali, akaurudisha mlango polepole.