Kofia Mbili za Mlinzi wa Makambako

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, najua mtayasomea kwenye simu, na kabla hamjafika katikati mtakuwa mmeshaandika maoni. Ngojeni kwanza. Mimi niliishia darasa la nne, naandika polepole, na ninyi someni polepole. Kila mnapokusanyika hapa sebuleni, mmoja akasoma habari ya mtu aliyepigwa mahali fulani, mwingine akadakia, "Huyo lazima ni wa chama fulani, ndiyo zao hao," mimi huinuka nikatoka nje. Mnanicheka, mnasema bibi hapendi siasa. Siasa naijua kuliko ninyi. Kaeni niwaambie.

Ilikuwa miaka kadhaa baada ya kila kitu kufunguliwa. Duka la ushirika lilikufa, wafanyabiashara wakaanza kuja mpaka shambani kununua viazi. Chama kilikuwa kimoja, vikawa vingi. Redio nayo tangu ujana wangu tulijua moja tu, ghafla zikaja nyingine, na mojawapo ikawa inasikika vizuri huku kwetu. Redio hiyo ilikuwa na kipindi cha asubuhi. Mtangazaji anasoma habari za huku, halafu watu wanatuma ujumbe kwa simu, naye anausoma hewani. Hayo ndiyo maoni ya mtandaoni ya wakati ule. Tofauti ni kwamba tuliyasikia wote kwa pamoja, na bakuli mkononi.

Vyama sitavitaja. Nitasema chama hiki na chama kile, inatosha.

Nyumbani kwangu Mjimwema, huku Njombe, simu ilikuwa moja, kitochi, mali ya mwanangu mkubwa. Alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto, na alikuwa kiongozi wa tawi wa chama hiki. Kutuma ujumbe redioni kulikuwa kumemwingia kama ugoro. Alijipa jina la utani, na Mjimwema nzima ilijua kwamba jina lile ni yeye. Watu walimpungia mkono njiani kwa jina hilo.

Asubuhi moja ya baridi tulikuwa jikoni, tumeuzunguka moto, tunakula viazi na chai. Habari ikasomwa. Usiku wa kuamkia jana majambazi walivunja duka Makambako, wakamjeruhi mlinzi, wakaondoka na mali. Mlinzi hajitambui. Mlangoni polisi wameokota kofia ya chama kile. Basi, habari ikaisha. Jina la mlinzi halikutajwa, wala la mwenye duka.

Lakini ile kofia ilitosha. Mtangazaji hakumaliza hata kutaja namba ya simu, ujumbe ukaanza kumiminika. Wa kwanza ulisema, "Hatushangai, watu wa chama kile hata mkutanoni huja na nondo." Wa pili ukasema, "Makambako wote ni chama kile, waacheni waibiane." Mwingine akajibu, "Ninyi wa Njombe mnaochagua chama hiki kila mwaka, mnajua nini zaidi ya kulala? Kofia hiyo mmeiweka ninyi." Mtangazaji anasoma huku anacheka, kana kwamba anatangaza mpira.

Mwanangu akaweka bakuli chini, akaanza kubonyeza simu. Mkewe akamchungulia begani.

"Baba watoto, waweke sawa hao," akasema.

"Subiri usikie."

Hatukungoja sana. Jina lake la utani likatajwa, watoto wakapiga makofi. Ujumbe ulisema hivi, na sijausahau: "Huyo mlinzi msimwonee huruma. Kofia ni ya kwake. Wa chama kile huanza kwa kuwafungulia mlango wenzao, halafu hujilaza wapigwe kidogo ili waaminike. Aulizwe funguo."

"Umewamaliza!" mkewe akasema, akacheka mpaka chai ikamwagika.

Mtangazaji naye akasema kwamba huyu msikilizaji wetu wa Mjimwema leo kapiga penyewe. Baada ya hapo kila ujumbe uliofuata ulikuwa funguo, funguo, funguo. Mtu aliyekuwa hajitambui akawa mwizi kabla maji ya chai hayajapoa.

Sasa nawaambia jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Mdogo wangu wa kiume, tumbo moja na mimi, alikuwa mlinzi wa usiku Makambako. Nyumba nzima tulijua. Na hakuna hata mmoja wetu aliyemfikiria. Kwa nini? Kwa sababu redio ilisema kofia ya chama kile, na mdogo wangu hakuwa mtu wa chama kile. Hakuwa mtu wa chama chochote. Kwa hiyo mtu aliyelala hospitalini hawezi kuwa wetu, ni wa wale. Tuliendelea kula.

Kofia zenyewe tulizijua zinavyopatikana! Miaka ile kila mkutano wa kampeni uligawa nguo. Sisi wanawake tulihudhuria yote. Asubuhi unapewa kanga ya chama hiki, jioni unapewa fulana ya chama kile, ukirudi nyumbani kanga unabebea mtoto, fulana unavunia viazi. Nguo mpya ya bure utaikataa? Nilikuwa nimekaa pale jikoni nimevaa fulana ya chama kile chini ya sweta, kwa ajili ya baridi, na mwanangu wa chama hiki kakaa mbele yangu. Lakini kofia iliposomwa redioni, akili zikaruka.

Viazi vilikuwa havijaisha simu ikalia. Ile ile simu. Mwanangu akaipokea kwa tambo, alidhani ni watu wa tawi wanampongeza. Nikaona uso wake unabadilika. Akaninyooshea simu.

Alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Alikuwa amekwenda Iwawa kutafuta mbegu za viazi, amerudi Makambako alfajiri ile akakuta mlango umefungwa na majirani wamesimama nje, akakimbilia hospitali. Alikuwa analia, maneno hayaeleweki. Nililopata ni hili: "Wifi, wamempasua kichwa. Ameamka, lakini mgonjwa wa kitanda cha pili ana redio. Amesikia yote, wifi. Amesikia na lile jina la utani la mwanao."

Nilimrudishia mwanangu simu.  Mkewe alikuwa bado anafuta chai, akauliza, "Ni nani, mama?"  Nilimwambia mwanangu avae koti.

Hospitali ya Makambako tulifika kabla ya saa sita, upepo wa kule unapeperusha mchanga kama kawaida yake. Mdogo wangu alikuwa amefungwa kichwa chote, sikio moja limeshonwa. Wapigwe kidogo, ndivyo mwanangu alivyoandika. Jicho lilikuwa limevimba mpaka halionekani.

"Kamwene," nikamwamkia kwa Kibena chetu.

"Kamwene, dada." Sauti ilikuwa ya mtu aliye mbali.

Mwanangu akachuchumaa pembeni ya kitanda. "Mjomba, shikamoo."

Tukangoja marahaba. Haikuja. Akarudia, "Mjomba, shikamoo." Mdogo wangu akageuza uso ukutani, taratibu, kwa maumivu, na akabaki huko. Huyu ndiye aliyembeba mwanangu mgongoni kumpeleka kubatizwa nilipokuwa naumwa. Nimeishi miaka mingi, nimezika, sijaona salamu ya mtoto ikiachwa hewani namna ile.

Wifi akavuta mfuko wa nguo za mumewe chini ya kitanda ili anionyeshe damu. Ndani kulikuwa na koti, sweta mbili, na kofia. Nikaigeuza. Ilikuwa kofia ya chama hiki, chama cha mwanangu.

"Hii ilitoka wapi?" nikauliza.

"Alikuwa nayo kichwani," wifi akasema. "Huvaa mbili. Moja juu ya nyingine. Upepo huu unaujua, wifi. Ile ya juu ndiyo iliyoangukia mlangoni, hii ya ndani ilimgandia na damu, nesi akaikata."

Kichwa kimoja, vyama viwili, na mwenye kichwa anatafuta joto tu. Mwanangu aliishika ile kofia akaitazama. Nikamnyang'anya nikaitia mfukoni. Nami sikuwa na huruma naye.

Mnaweza kudhani hapo ndipo ubaya uliishia. Wifi akanivuta korido akaniambia kwamba wenye maduka wanakutana baada ya sala ya adhuhuri, kuamua kama mume wake atarudi kazini au wapeleke jina lake polisi kama mtu aliyefungua mlango. Pale Makambako maduka ya mstari mmoja huchangia mlinzi mmoja, kwa hiyo mwenye kumwajiri si mmoja, ni mstari wote. Akifukuzwa na mstari mmoja kwa neno la wizi, hapati lindo Makambako nzima. Na polisi wakipelekewa jina, atatoka kitandani kwenda mahabusu.

Nikamwambia mwanangu, "Twende."

"Mama, wale hawanijui."

"Ndiyo maana twende, wakujue."

Tuliwakuta mbele ya duka la mabati na saruji. Wengi walikuwa Waislamu waliohamia kutoka mikoa mingine, watu waliotuzoea kwa kununua viazi vyetu. Mkubwa wao, mwenye lile duka la mabati, alinipa kiti.

"Shikamoo mama. Pole kwa mgonjwa. Sisi hatuna ugomvi na mzee wetu. Lakini redio imesema alifungua."

"Redio haikusema," nikamjibu. "Aliyesema ni huyu hapa. Ni mwanangu. Na mlinzi wenu ni mjomba wake."

Wote wakamgeukia mwanangu. Halafu kijana mmoja muuza viatu vya mitumba akaangua kicheko. "Kumbe yule wa redioni ndiye wewe? Mbona redioni una sauti nzito?"

"Ile ni sauti ya mtangazaji," mwanangu akasema chinichini.

Mzee wa mabati hakucheka. Akamuuliza, "Ulimwona akifungua?"

"Hapana."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Niliposikia kofia ya chama kile..." Hakumaliza.

"Funguo unazijua ziko wapi?"

"Sijui, baba."

Mzee akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu akatoa fungu la funguo, akaziweka mezani. "Hizi hapa. Mlinzi wetu hajawahi kushika funguo hata siku moja. Tunalala nazo sisi wenyewe, kila mtu nyumbani kwake."

Hapo ndipo niliposhtuka zaidi kuliko kule jikoni, zaidi kuliko kule kitandani. Nilisimama. "Ninyi mlijua," nikasema. "Funguo mnazo mifukoni. Mlijua asubuhi yote. Sasa mlikutana hapa kuamua nini?"

Waliangaliana. Mmoja akasema, "Mama, tuliposikia watu wengi wanasema, na kofia ni ya chama kile..." Yeye mwenyewe, niliambiwa baadaye, alikuwa wa chama hiki, na jirani yake wa chama kile alikuwa amekaa kimya akiogopa kumtetea mlinzi asionekane anatetea wa kwao.

Nikaitoa ile kofia ya pili mfukoni, na damu yake, nikaiweka mezani karibu na funguo. Nikawaeleza alivyozivaa. Muuza viatu akafungua mdomo acheke, akaufunga.

Waliamua arudi akipona, na jina lake lisipelekwe polisi. Mwenye duka la pembeni alisema yeye hachangii tena mlinzi mwenye chama, na mpaka leo sijui alimaanisha chama kipi. Wezi hawakupatikana. Wapo waliokufa wakiamini mdogo wangu alifungua mlango, maana waliisikia asubuhi ile na hawakusikia kingine.

Mwanangu alituma ujumbe mwingine redioni tukiwa bado Makambako. Aliandika kwamba mlinzi ni mjomba wake, hakufungua, funguo hakuwa nazo, aliyeandika yale alikuwa anaropoka. Kesho yake tuliusikilizia mpaka kipindi kikaisha. Haukusomwa. Siku hiyo watu walikuwa wanabishana juu ya bei ya mbolea.

Lakini hiyo ni kesho yake. Jioni ile tuliporudi nyumbani, mkamwana wangu alikuwa ameshasikia, macho mekundu, redio kaifunika kwa ungo kama maiti.  Niliwaita wote jikoni, mpaka wale wadogo, nikasema bila kukaa:

"Kuanzia leo, habari ya mtu aliyeumizwa ikisomwa, hakuna wa nyumba hii kugusa simu mpaka tujue ni mtoto wa nani, amelazwa wapi, na nani anampelekea uji. Na wewe mwanangu, kesho uji wa mjomba wako unaupika wewe, si mkeo. Utaupeleka Makambako kwa mkono wako. Utamwamkia. Asipoitikia, utaweka uji, utarudi nyumbani, na keshokutwa utakwenda kumwamkia tena."