Shingo Niliyoinyoosha Nyansiongo

Nilikosa, na Bwana anajua. Juma lililopita, kwenye foleni ya kupima watoto katika zahanati ya Nyansiongo, nilikompeleka mjukuu wangu, mbele yangu alisimama mama kijana. Mtoto alikuwa mgongoni, kichwa kimeinamia bega la kushoto. Huku kwetu shingo ya mtoto ikipinda, analaumiwa dada yake anayemlea. Nami, mzee wa kanisa, nikatoa hukumu: "Huyo msichana wako anambeba upande mmoja tu."

"Tulishamchapa, mzee," mama akajibu. "Akabadilisha upande, lakini kichwa kinarudi pale pale. Na kila asubuhi mtoto anatapika."

"Umemzoeza kudeka," akasema bibi mmoja nyuma yetu.

Nikanyoosha mkono, nikakisimamisha kile kichwa. Mtoto akalia. Nilipokiachia kikarudi kushoto polepole, ndipo macho yake yakatulia usoni pangu.

Daktari alipomfikia kwenye foleni, alimmulika macho kwa kurunzi. "Msimnyooshe tena," akasema. "Anainamisha kichwa ili asione vitu viwili viwili. Huenda kuna uvimbe kwenye ubongo. Aende Nairobi wiki hii."

Mama aliuliza jambo moja tu: "Na yule msichana tuliyemchapa, nitamwambia nini?"

Sijasikia habari zao tena, na usingizi hauji vizuri.

Ndugu msomaji, ukiona kichwa cha mtoto wako kinalalia upande mmoja kila siku, usimchape mlezi wala usikinyooshe. Nakuomba umpeleke hospitali kesho asubuhi.