Kikombe cha Nosrat

Shangazi yangu Turan alikata baklava katika karakana ya vitamutamu pale mjini kwetu Yazd tangu usichana wake. Ugonjwa wa sukari ulipomshika, watu walimtania kwamba baklava zimelipiza kisasi, naye akacheka kuliko wote. Kisha kidole gumba cha mguu wa kushoto kikatoka kidonda. Daktari akamwambia wazi: sukari isiposhuka, kidole kitakatwa.

Akashika masharti kwelikweli. Vidonge vya daktari hakuviacha, na juu yake akafuata chakula cha wazee wetu: mkate wa shayiri badala ya wali, dengu, mtindi na matango. Tende hakuzitazama. Hata siku ya Nairuzi, mwaka mpya wetu, wenzake wakijaza mashavu halua, yeye alitafuna lozi mbichi.

Asubuhi alikunywa mdalasini uliochemshwa pamoja na ule mzizi mtamu wa muuza dawa za miti. Aliyemchemshia ni mumewe, Nosrat. Akipokea kikombe, shangazi alimwambia tunavyoshukuru kwetu: "Mkono wako usiume, Bwana Nosrat." Kisha huyo kwa majirani, kujisifu kuwa ana mume.

Lakini sukari ilizidi kupanda.

"Mama, unakula kwa kificho," daktari akamwambia mbele yangu. Shangazi alilia njia nzima. Mpaka leo nikikumbuka nachemka: mwanamke aliyejinyima hata tende moja, kuitwa mdokozi!

Ndipo Nosrat akaenda Taft kumzika kaka yake, akakaa huko wiki nzima. Shangazi akajichemshia mwenyewe. Funda la kwanza tu, akakunja uso. Utamu ulikuwa wa mbali, na nyuma yake uchungu. Kabla ya wiki kwisha, kipimo kilikuwa kimeshuka kuliko wakati wowote. Akapekua jikoni, na nyuma ya gunia la mchele akakuta chupa ya shira ya zabibu, imebaki robo.

Nosrat aliporudi, aliikuta chupa katikati ya kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni.

"Hii ni nini?" shangazi akamwuliza.

Hata hakukana. "Ulikuwa unapoa, mwanamke! Mtindi, matango, shayiri, vyote vyakula vya baridi. Mikono yako ilikuwa barafu. Shira ni ya moto, inaamsha damu. Ulitaka nikuache baridi ikuue?"

"Nilikuuliza mbona utamu umezidi."

"Nikasema ni mzizi."

"Nami nikakuamini."

Mambo hayo ya wazee, kwamba kila chakula kina asili ya moto au ya baridi mwilini, nimelelewa nayo, siyadharau. Tumbo likininyonga, hata mimi nakimbilia chai yenye sukari ya mawe. Lakini angemwambia! Angegombana naye, angeumwaga mtindi, angevunja bakuli. Kumwangalia mkeo akilia kwa kosa lako, kisha kesho ukamkorogea tena, hapo mimi simwelewi, na sitaki kumwelewa.

Kidonda kilikuwa kimeshaoza; kidole kilikatwa kabla ya komamanga kuiva. Nosrat alikuja hospitalini na chupa ya chai, ameikumbatia kifuani.

"Mdalasini mtupu, Turan. Naapa kwa kaburi la kaka yangu. Kunywa kidogo."

Shangazi hakuipokea.

"Kila asubuhi nilikuombea mkono wako usiume, Nosrat," alisema. "Na haukuuma."

Akavuta shuka, akaufunika mguu, akaniomba mimi nimletee maji.