Kitonge cha Samaki

Mama yake Jia Ying ni mhandisi wa madaraja, lakini hesabu ya darasa la sita haimpi utulivu. Hapa kwenye bwalo la chakula la mtaa wa Toa Payoh goti lake linatikisa meza, kalamu haitulii, tambi zimepoa. Mtihani wa Jia Ying ni wiki ijayo. Swali linasema: Ravi ana peremende mara tatu ya za Mei. Akimpa Mei kumi na mbili, wanalingana. Ravi ana ngapi?

"Thelathini na sita," mama anasema, akifuta ile x aliyoiandika kwa kificho.

"Mwalimu hataki x," Jia Ying anasema. "Anataka tuchore visanduku vinavyolingana."

"Vinanishinda hivyo visanduku. Kula, usinivuruge."

Na kama kawaida yake, bila kuangalia, anachukua kwa vijiti kitonge cha samaki bakulini mwake na kukitia katika la bintiye. Jia Ying anatazama. Mama alikuwa na vitatu, yeye alibakiwa na kimoja. Kimehama kimoja tu, sasa wana viwili viwili. Kumbe hicho kimoja ndizo zile peremende kumi na mbili. Anavuta karatasi, anachora visanduku vitatu vya Ravi na kimoja cha Mei.

Mama anakodoa macho. "Nani kakufundisha?"

"Wewe. Sasa tuliza goti, mama, mchuzi unamwagika."