Kitabu Kisichoitiwa Uongo

Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye kalamu, na huyo ndiye mbaya zaidi.

Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, tuna adabu zetu za kusimulia. Hadithi ya majini na wafalme husimuliwa baada ya magharibi, na msimulizi haanzi peke yake. Atasema, "Hadithi, hadithi!" na wasikilizaji watamjibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Wao ndio wanaouita uongo uje. Wasipouita, msimulizi hana ruhusa. Lakini jambo la kweli, likiwa barua au utenzi au kitabu cha dini, hilo hufunguliwa kwa Bismillahi, hata mchana kweupe. Mtoto wa chuoni anaijua tofauti hiyo. Mimi, mwalimu mzima, nilijifanya siijui.

Riwaya yangu ya kwanza ilitoka miaka michache baada ya Uhuru. Ilihusu mji ulio chini ya bahari, ambako watu waliopotea majini hawafi. Wanakaa huko, wana nyumba na misikiti, wana kila kitu isipokuwa maji matamu. Basi likija bamvua, bahari inapojaa kupita siku zote, mfalme wao huwaruhusu wapande nchi kavu hadi milangoni mwao. Aliyewekewa kata ya maji matamu akainywa yote, haendi tena chini. Nilizipenda kurasa hizo za kata, sisemi uongo. Nilipotia nukta ya mwisho nilijipongeza kwa sauti, peke yangu chumbani. "Hadithi, hadithi" sikuiandika. Hayo ni ya vikongwe, nilijiambia, mimi nimeandika riwaya! Nikaanza kwa Bismillahi, kama babu zangu walivyoanza maandiko yao.

Kiini chake kilikuwa kaka yangu. Alikwenda kukata boriti upande wa Kiwayu, na chombo chao hakikuonekana tena, wala ubao wake mmoja. Aliacha mke, na huyu shemeji yangu tukabaki tukiishi naye nyumba moja, mimi na mke wangu. Kadhi alimhesabia miaka minne, kisha eda, kisha akamwambia yuko huru. Mshona kofia mmoja wa mtaani, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, akaleta posa, na shemeji akakubali. Wiki ile nilimsikia akicheka jikoni. Nilisimama ukumbini kusikiliza, kwa sababu nilikuwa nimekisahau kicheko chake.

Harusi ilipangwa baada ya mfungo. Kitabu changu nacho kilifika mwezi uo huo wa posa, sanduku zima, kwa mwenye duka la vitabu. Duka lenyewe liliuza misahafu, juzuu, madaftari, wino na tambi za taa. Akavipanga vitabu vyangu mbele, vikakaa. Mwalimu mwenzangu kutoka bara alinunua kimoja kwa kunionea haya. Kingine nilikinunua mwenyewe, nikijifanya ni cha rafiki.

Halafu likaja gazeti la Mombasa, limechakaa, lina wiki mbili. Mhakiki alisifu Kiswahili changu mistari miwili, kisha akanichinja. Alisema mwandishi hauamini mji wake mwenyewe, na uongo wake ni mkavu, haunuki hata chumvi. Mkavu! Mji wa chini ya bahari, mkavu! Nililikunja gazeti nikalitia mfukoni mwa kanzu, nikawa nalitoa na kulisoma tena kila nilipokuwa peke yangu.

Mwenye duka akanihurumia. "Bwana mwalimu," akasema, "watu wa hapa hununua kwa masikio. Njoo uwasomee."

Nikasoma barazani kwake baada ya alasiri, siku tatu mfululizo. Nilianza na Bismillahi, nikavuta sauti kama msoma utenzi, na wanaume wakajaa hadi ndia nyembamba ya mtaa ikazibika. Juu, nyuma ya madirisha, wanawake walikaa kimya. Siku ya tatu nilipofika kwenye kata ya maji, nilisikia mtu analia huko juu. Moyo wangu ulifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani ni ushindi.

Jioni ile shemeji alinisubiri ndani ya daka, pale kwenye viti vya mawe mlangoni. Alikuwa mmoja wa waliokuwa juu.

"Shemeji, haya umeyatoa wapi?"

Angeniuliza siku nyingine ningecheka, ningesema nimetunga tu. Lakini gazeti lilikuwa mfukoni, nalisikia linavyokwaruza ninapokaa. Nilitaka mtu mmoja tu katika dunia hii auamini mji wangu.

"Nimeyaona," nikasema.

"Kwa mato yako?"

"Kwa macho yangu."

Lahaula! Ulimi hauna mfupa. Kesho yake alirudisha posa. Mshona kofia alikuja kwangu, kofia isiyokwisha ikiwa bado mkononi, akaniuliza, "Bwana, nimekosa nini?" Nikamwambia hakukosa kitu. Sikusema zaidi, maana vitabu vilikuwa vinatoka.

Vilitoka kweli. Sanduku likaisha, mwenye duka akaagiza jingine. Maagizo yalikuja kutoka Kipungani, kutoka Mtangawanda, hata Kiwayu, na karibu yote yalikuwa ya wanawake. Wengi wao walisoma herufi za Kiarabu tu, hizi za Kizungu hawakuzijua. Sikujiuliza wanavitakia nini. Nilijiona nimekuwa mtu, nikawa natembea taratibu mbele ya duka ili nionekane.

Siku moja bibi mmoja aliyetoka Mtangawanda alinishika mkono pale pale dukani. Kitabu changu alikuwa amekifunga ndani ya kitambaa cheupe. "Mwanangu," akasema, "kata lazima iwe ya kifuu, au hata ya bati yafaa? Mwanangu amepotea mwaka wa saba sasa."

Ndipo nikafahamu ni akina nani walionunua kitabu changu. Kila kilichouzwa kilikuwa na mtu wake baharini. Na mimi nilimjibu nini yule bibi? Nilimjibu, "Ya kifuu."

Tangu hapo nikawa naogopa kupita mitaani siku za bamvua. Kata zilikuwa zimewekwa kwenye madaka, moja hapa, mbili kule. Kwetu pia. Shemeji aliiweka magharibi, na asubuhi maji yalikuwa yamepungua. Nawajua punda na paka wa Amu, hawana adabu. Lakini asubuhi moja niliinama nikayaonja yaliyobaki, na yalikuwa ya chumvi. Mwaka ule watu walilalamika kwamba visima vinaingia chumvi. Ndivyo nilivyojiambia, na ndivyo ninavyojiambia hadi sasa.

Miaka ilipopita, kitabu kilipochapwa mara ya pili, niliwaandikia wachapishaji, nikawasihi watie juu ya ukurasa wa kwanza maneno yale ya wasimulizi, wauondoe mwanzo wangu wa zamani. Walishangaa, wakakubali. Mshona kofia alikuwa ameshaoa kwingine. Hata hivyo nilikichukua kitabu kipya nikamwendea shemeji baada ya magharibi. Alikuwa amekaa mkekani na mke wangu.

"Shemeji," nikasema, "nilikosea pa kuanzia. Sasa nimepatengeneza."

"Soma."

"Hadithi, hadithi!"

Hakujibu. Nikarudia. Mke wangu alifungua kinywa ajibu, shemeji akamgusa goti kumzuia.

"Nimetunga," nikasema. "Wallahi, sikuona kitu. Ni uongo wote."

Shemeji alinitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Uongo huitwa na msikilizaji," akasema. "Siku ile sikuuita. Na yeo siuiti."

"Hadithi, hadithi," nikasema mara ya tatu. Haikuwa tena sauti ya msimulizi, nilikuwa naomba.

Akaegemea ukuta, akainuka kwa shida. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Akaenda kwenye mtungi, akachota, akanipa mimi ile kata, maana kesho ilikuwa bamvua na ngazi za mlangoni zilimshinda.

Nikaipokea. Nikateremka nayo hadi dakani, nikaiweka chini polepole, isimwagike.