Kamba Niliyoipunguza

Kazi yangu ni kuchora majukwaa yanayoelea, yale ya kuvuna gesi mahali ambapo bahari ina kina kirefu mno kusimamisha nguzo. Mwaka huu wakubwa wangu walitaka jukwaa la bei nafuu. Nikapunguza chuma, kisha nikapunguza kamba za nanga: kila kona ibaki na moja badala ya mbili. Kompyuta ilikubali. Mimi mbishi, nilitaka kuona kwa macho.

Basi nikiwa likizo kwa mama, Old Korogwe, nikakata migomba nyuma ya nyumba, nikapigilia ubao juu ya magogo manne. Mfano wangu nikaufunga kwa kamba na mawe pale mto Pangani unapotulia.

Asubuhi gogo moja lilikuwa limechomoka. Nililikuta ukingoni, upande wa juu wa mto. Maji hayapandi, nikasema ni watoto watundu, nikalirudisha. Kesho yake, gogo lile lile, pale pale, na kwenye matope hakuna alama hata ya unyayo mmoja.

Nikamwita mama. Alilipapasa.

"Hili umelikata wapi, mwanangu?"

"Kwenye shina la pembeni, karibu na ua."

Akakaa chini, kwenye matope.

Kaka yangu alichukuliwa na mto huu nikiwa mdogo. Mwili haukuonekana, na kwetu mtu akipotea hivyo, huzikwa mgomba badala yake, kwa sanda na dua. Waliozika siku ile walikuwa na haraka, wakauzika na mizizi yake, nao ukachipua. Miaka ikapita, mashina yakaungana, nami nikasahau lipi ni lipi. Mama hakusahau. Na pale ukingoni, akaniambia, ndipo zilipokutwa ndala za kaka.

Hakunigombeza. Aliutazama mfano wangu.

"Kamba hii ikikatika?"

"Zinabaki za kona nyingine, mama."

"Na hao wafanyakazi watakaolala juu ya jukwaa lako, wakipotea, mama zao watazika nini?"

Niliogopa, kusema kweli. Nilizirudisha kamba zote kwenye mchoro, na wakubwa wamenuna hadi leo.

Jioni ile tulilivisha gogo kitambaa cheupe, tukalirudisha ardhini. Kabla hatujafukia, mama alichukua kamba yangu moja akalifunga, ncha yake akaifunga kwenye shina lililobaki. Akaivuta kuipima. Kisha akaninyooshea mkono nimpe ya pili.