Jaketi la bendera ya makaburu nililomvalisha baba yangu

Wakuu, nawasalimu popote mlipo. Wale ambao kwenu kila uzi ni chai, huu mnaweza kuupita, sina nguvu ya kubishana. Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Babati, na mhusika mkuu yuko hai, yuko Nangara anapalilia mahindi yake.

Mimi ni muuza mitumba. Nina kibanda sokoni, nauza majaketi na masweta. Baridi ikishuka mwezi wa sita ndipo na mimi naonekana mtu.

Msimu uliopita nilifungua belo nikakuta majaketi matatu ya kahawia, mazito, zipu za chuma. Kwenye mkono wa kila moja kulikuwa na kibendera cha kudarizi. Mstari wa rangi ya chungwa, mweupe, wa bluu, halafu katikati vibendera vingine vitatu vidogo mno.

Niliyageuza pande zote kuhakikisha hayafanani na nguo za jeshi letu. Hilo tunaliogopa wote wenye vibanda. Kibendera sikukitilia maanani.

Yalitoka siku hiyohiyo. Madogo wa bodaboda waliyagombania. Kesho yake wakaja wengine wanataka "la bendera", na mimi sina.

Hapa ndipo nilipojiona mjanja.

Nilirudi kwa dogo mmoja, nikaazima lake, nikalipeleka kwa fundi anayedarizi nembo za sare za shule. Nikampa na majaketi ishirini ya kawaida yaliyokuwa yamedoda. Fundi alilalamika kwamba vile vibendera vya katikati vinamsumbua uzi, lakini akaviweza. Alikuwa fundi kweli.

Ndani ya wiki mbili stendi nzima ya bajaji ilikuwa imevaa.

Sasa akaja mwalimu mmoja wa historia, anafundisha sekondari hapa mjini, mteja wangu wa siku nyingi. Akashika mkono wa jaketi, akalitazama muda mrefu. Akaniuliza kama najua ni nini. Nikamwambia ni urembo.

"Hii ni bendera ya makaburu," akasema. "Ya Afrika Kusini ya ubaguzi. Watu weusi wameuawa chini ya hii. Usiwauzie watoto wa watu."

Wateja walikuwa wamesimama. Nikaona ananiharibia biashara. Nikamjibu, "Mwalimu, hapa tunauza joto, hatuuzi historia." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akaondoka, na tangu siku hiyo hajanunua kwangu hata soksi.

Mnajua nilichochukua katika maneno yake? Afrika Kusini. Basi. Jioni nikaweka status: "Sauzi Vintage, pisi chache zimebaki."

Naomba niwaeleze kidogo kuhusu baba ili mnielewe.

Baba alikuwa mwanajeshi. Akiwa kijana alipelekwa Msumbiji, kipindi kile askari wetu walipokwenda kusaidia dhidi ya waasi waliokuwa wakipewa silaha na makaburu. Yeye alirudi. Rafiki yake waliyelala hema moja hakurudi. Mimi nimepewa jina la huyo rafiki, na ndiyo maana jina langu sitalitaja humu.

Kwa hiyo neno makaburu nimelisikia nyumbani tangu sijaanza shule. Siwezi kujitetea kwamba lilikuwa geni.

Wakati huo baba alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa anaona vivuli tu. Siku moja ya upepo alikuja kibandani anatetemeka, amevaa shati. Nikatundua jaketi la bendera nikamvalisha.

Nilikuwa na masweta. Nilikuwa na makoti. Ila lile ndilo lilikuwa zito kuliko yote, na moyoni nikasema, si haoni.

Akapapasa mkono kwa vidole, akakutana na ule uzi. "Hii ni nini, mwanangu?"

Nikamwambia ni nembo ya kiwanda.

"Wamedarizi vizuri," akasema.

Alilipenda mno. Alilivaa kanisani, alilivaa shambani. Alilivaa kwenye msiba mmoja kule Bagara, na mzee mmoja aliyekuwa naye jeshini akaja kutusalimia. Mimi nilimwona anavyokuja anatabasamu. Alipofika hatua kama tatu akauona ule mkono. Akasimama, akamtazama baba usoni, akageuka akaenda kukaa upande mwingine.

Baba hakujua. Njiani aliniuliza mbona fulani hakuja msibani. Nikasema labda anaumwa.

Mpaka hapo mngeweza kusema huyu atalichukua lile jaketi usiku baba amelala, atoe ile nembo kwa wembe. Dakika tano tu. Sikufanya. Nilikuwa naona tukio limeshapita.

Kisha wakaja madaktari wa macho hapa mjini. Baba akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, akalala hospitali na jaketi lake, asubuhi nikaenda nikamkuta nesi akimtoa bandeji.

Alimwona nesi kwanza, akacheka. Akaniona mimi, akasema nimenenepa. Akainua mkono wake mwenyewe, akakunja vidole kimoja kimoja kama mtoto anayehesabu. Kisha jicho likashuka kwenye mkono wa jaketi.

Wakuu, nimeona misiba, lakini uso ule sijawahi kuuona.

Alikisugua kile kibendera kwa kidole gumba, kama anafuta tope. Halafu akalivua jaketi, akalikunja, bendera ikawa ndani, akanikabidhi. Baridi ile, alitoka hospitali na shati.

Tulipita stendi kuchukua bajaji. Akaanza kuwaona. "Mmoja," akasema. "Wawili. Na yule pale." Baadaye akaniuliza, "Hawa vijana ni wa nani?"

Nikamjibu ni fasheni tu, baba, wanavaa bila kujua.

Nyumbani alikaa kitandani, akanitazama kwa jicho lake jipya. Akaniuliza swali moja.

"Wewe ulijua?"

Nikasema sikujua.

Akashusha pumzi, nikaona mabega yanalegea. Akanishika kichwa akasema, "Basi. Nilikuwa naogopa ungesema ulijua."

Majaketi yaliyobaki kibandani niliyatoa nembo yote. Haikusaidia. Kuna vibanda vingine vimeshaiga, na juzi nilimwambia dogo mmoja wa bodaboda amevaa nini, akaniangalia akasema, "Bro, si umeniuzia wewe?"

Baba akaja kuambiwa na waliokuwepo kwamba yule mwenzake alifika msibani, na kwa nini hakumsalimia. Alikwenda kwake kwa miguu, nikamsindikiza. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza baba yangu, mtu mzima, akiomba radhi. Akasema, "Kosa ni langu kwa kutokuona. Kijana hakujua, nimemuuliza." Yule mzee akanigeukia. Nikatikisa kichwa kukubali.

Tangu hapo wamerudi kuwa marafiki, na kila mtu anayeuliza habari za lile jaketi, baba anamjibu hivyohivyo, kwamba kijana wake hakujua. Anasema kwa fahari kabisa.

Nilichojifunza ni kwamba kumwambia mtu "ni nembo ya kiwanda" kulikuwa rahisi kwa sababu aliyeumizwa alikuwa haoni. Wengine humu mnavaa alama msizozijua, ulizeni. Na mkishaambiwa, msijifanye hamkusikia kama mimi.

Mwezi ujao anafanyiwa jicho la pili. Ameniomba niwepo tena wakati wa kutoa bandeji, anasema anataka anione vizuri.

Nimwambie kabla ya siku hiyo, au ninyamaze? Semeni, wakuu. Matusi pia nitayasoma.